Kijana anapoomba kupiga picha za harusi ya dada yake kwa kamera ya mkanda

Vikao vya kamati ya harusi vina ajenda zinazojirudia: ukumbi, chakula, mapambo, muziki, halafu picha. Siku hizi, ikifika zamu ya picha, linaibuka jambo ambalo wazazi wengi walidhani limezikwa pamoja na zile albamu za plastiki. Kijana wa nyumbani, aliyezaliwa wakati simu tayari zina kamera, ananyoosha mkono na kusema picha atapiga yeye, tena kwa kamera ya mkanda. Kamera yenyewe ameikuta kabatini kwa babu, au kainunua kwa mtu, na ameshapiga mikanda miwili mitatu ya machweo ya jua na paka wa jirani.

Hapo wazazi hugawanyika. Mmoja anakumbuka picha za kipaimara zilizorudi studio zikiwa zimeungua zote, na hataki hata kusikia. Mwingine anapiga hesabu ya haraka na kuona bajeti ya mpiga picha imeokoka. Wote wawili wanahitaji kutulia kidogo. Kamera ya mkanda si nafuu kama anavyodhani yule wa pili, kwa sababu kila mkanda unanunuliwa, unasafishwa na kuchapishwa kwa fedha. Wala si balaa kama anavyoogopa yule wa kwanza, maana picha za ndoa za wazazi hao hao, zile zilizo ukutani sebuleni, zilipigwa kwa mkanda na bado zinatazamika.

Tofauti kubwa na simu ni moja. Picha haionekani mpaka siku nyingine. Mazungumzo ya mama na mwanawe yanakuwa ya namna hii:

“Mkanda mmoja unatoa picha ngapi, mwanangu?”

“Thelathini na sita, mama.”

“Thelathini na sita? Mashangazi wa baba yako na watoto wao peke yao hawaishi hapo.”

“Nitanunua mikanda mitano.”

“Na ukikosea?”

“Nitajua wiki inayofuata, zikishasafishwa.”

Jibu hilo la mwisho ndilo linalomnyima mzazi usingizi, na ana haki. Bibi wa miaka themanini na kitu aliyeletwa kwa gari kutoka kijijini hatarudishwa Jumamosi inayofuata ili apigwe tena. Kwa hiyo kabla ya kumkubalia kijana au kumkatalia, mzazi ajue mambo machache kuhusu mkanda, na mengi zaidi kuhusu flashi. Vijana wengi huongea juu ya mkanda usiku kucha, wanalinganisha rangi za huu na ule, lakini picha za harusi huharibikia kwenye flashi.

Tuanze na mkanda, kwa sababu habari yake ni fupi. Unaofaa ni mkanda wa rangi wa nigetivu, wenye kasi ya ASA 400. Namba hiyo, ambayo kwenye boksi jipya huandikwa ISO, inaeleza mkanda unavyoshika mwanga. Wa 400 unahitaji robo tu ya mwanga unaohitajiwa na wa 100. Wa 100 au 200 ni mzuri ufukweni mchana, lakini ndani ya ukumbi unaifanya flashi ichoke kabla ya keki kukatwa. Wa 800 unasaidia gizani, ila chembechembe zake huonekana zaidi picha ikikuzwa, na bei yake hupanda. Kodak Portra 400 ndiyo inayopendwa na wapigaji wa harusi kwa namna inavyotunza rangi ya ngozi. Kodak UltraMax 400 ni ya bei ya chini zaidi na inatosha kwa familia. Kwa picha nyeusi na nyeupe, Ilford HP5 Plus ni mkanda mvumilivu kwa anayejifunza. Mikanda yote ya rangi iwe ya aina moja, ili ngozi ya bibi harusi isibadilike rangi kati ya kanisani na ukumbini.

Mkanda wa nigetivu una tabia moja ambayo kijana akiishika atakuwa amejiokoa nusu ya safari: unastahimili mwanga uliozidi kuliko uliopungua. Ukizidi mara mbili, hata mara nne, fundi wa studio bado anatoa picha nzuri. Ukipungua, vivuli vinakuwa matope na nyuso zinapotea ndani yake, na hakuna fundi wa kuzirudisha. Mikanda ya slaidi haina uvumilivu huo. Mikanda iliyopitwa na muda, ambayo vijana huipenda kwa rangi zake za ajabu, ibaki kwa ajili ya paka wa jirani.

Suala la ngozi lina historia ambayo mzazi wa Kiafrika anastahili kuifahamu. Kwa miongo kadhaa studio za Marekani na Kanada zilipima usahihi wa rangi kwa kutumia kadi ya Kodak yenye picha ya mwanamke mzungu. Kadi hizo zilijulikana kama kadi za Shirley, kwa jina la mmoja wa wanawake wa mwanzo waliopigwa picha hizo. Ngozi yake ikitoka sawa, mashine ilihesabiwa kuwa sawa. Mtafiti wa Kanada, Lorna Roth, aliyechapisha utafiti wake mwaka 2009, alionyesha kwamba miongoni mwa waliosukuma Kodak kuboresha mikanda ili ishike vizuri rangi za kahawia walikuwa watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, waliolalamika kwamba bidhaa zao hazitofautiki kwenye picha. Kadi zenye wanawake wa rangi mbalimbali zilikuja miaka ya 1990. Basi mama anayesema picha zake za utotoni zilimtoa kama kivuli chenye meno hakuwa na uso mbaya, wala mpiga picha hakuwa mjinga peke yake. Mikanda ya leo imebadilika sana. Kilichobaki ni mwanga kufika usoni, na hapo ndipo flashi inapoingia.

Flashi ndogo iliyojengwa ndani ya kamera ya mfukoni, au ile ya kamera ya plastiki ya kutumia mara moja, imetengenezwa kwa meza ya keki ya siku ya kuzaliwa. Kwenye kamera nyingi za kutumia mara moja mwanga wake hufika kama mita 3 hivi. Kijana akisimama katikati ya ukumbi na kupiga meza kuu iliyo mita 12 mbele, atapata migongo ya wageni wa meza ya karibu ikiwa imewaka vizuri sana, na nyuma yao giza. Isitoshe, taa hiyo iko karibu mno na lenzi, ndiyo sababu macho hutoka mekundu. Kama fedha inaruhusu kununua kitu kimoja tu cha ziada, kiwe flashi ya kupachika juu ya kamera, yenye kichwa kinachoinama na kuinuka. Ni heri kamera ya kawaida yenye flashi nzuri kuliko kamera ya kifahari isiyo na flashi.

Nguvu ya flashi huandikwa kwa namba, na hesabu yake mtoto wa darasa la sita anaiweza. Namba hiyo hugawanywa kwa tundu la lenzi, na jibu ni umbali kwa mita. Flashi ya namba 32, mkanda wa ASA 100, tundu la f/8: 32 gawanya kwa 8 ni mita 4. Kwa mkanda wa ASA 400 umbali unakuwa maradufu, mita 8. Ndiyo maana mkanda wa 400 ulipendekezwa juu huko. Kijana aulizwe hesabu hii mezani wakati wa chakula. Akiijibu bila kushika simu, hiyo ni dalili njema kuliko picha zake zote za machweo.

Mwanga wa flashi hupungua haraka kuliko macho yanavyodhani. Aliye mita 2 anapata mwanga mara nne ya aliye mita 4. Kwenye picha ya ukoo yenye safu tatu za kwenda nyuma, wajukuu walioketi mbele hutoka wamepauka na wajomba wa nyuma hutoka weusi ti. Dawa yake ni kurudi nyuma kidogo na kuwapanga watu kwa upinde, wote wakiwa karibu umbali mmoja na kamera, badala ya kuwarundika kwa kina. Watu wasiotosha kwenye upinde huo wapigwe kundi la pili.

Kichwa kinachoinuka kina kazi yake. Mwanga ukirushwa kwenye dari jeupe, unashuka ukiwa mpana na laini, jasho la paji la uso halingʼai, na kivuli cheusi nyuma ya shingo kinatoweka. Lakini dari linakula mwanga mwingi, robo tatu na zaidi, kwa hiyo lazima tundu la lenzi lifunguliwe zaidi. Na dari lenyewe liwe jeupe kweli! Kumbi zetu nyingi siku ya harusi huvikwa vitambaa kutoka ukutani hadi juu. Flashi ikirushwa kwenye kitambaa cha zambarau, mwanga unarudi wa zambarau, na bibi harusi aliyelipia vipodozi tangu alfajiri anatoka kama mtu aliyesongwa na baridi. Kwenye ukumbi wa namna hiyo, au kwenye hema la bustanini, flashi ielekezwe mbele, na mbele yake kifungwe kipande cha karatasi nyeupe laini au kitambaa cheupe ili kupunguza ukali. Kijana alitembelee eneo siku moja kabla, mapambo yakishawekwa, aangalie juu.

Kuna kosa moja la kamera za zamani ambalo linaua mkanda mzima kimya kimya. Flashi inafanya kazi na kasi maalumu ya shata, si kila kasi. Kwenye Pentax K1000, kamera ambayo imewafundisha watu wengi sana, kikomo ni 1/60 ya sekunde. Kwenye Zenit-E ya Kirusi ni 1/30. Ukizidisha hapo, shata hufunika sehemu ya picha wakati flashi inawaka, na kila picha inarudi na upande mweusi kana kwamba mtu amesogeza pazia. Bwana harusi yupo, bibi harusi hayupo. Kasi hiyo kwa kawaida imewekewa rangi tofauti au alama ya X kwenye kitufe. Kijana aibandike kipande cha plasta pembeni kama anasahau.

Kikomo hicho kina matokeo mengine. Jua la saa sita, kwa mkanda wa 400 na kasi ya 1/60, ni mwanga mwingi kupita uwezo wa lenzi kujifunga, kwa hiyo flashi ya kufuta vivuli vya macho haitumiki hapo. Picha za nje zipigwe kivulini, na kivuli cha ukuta au baraza ni bora kuliko cha mwembe wenye matundu ya jua yanayochora madoa usoni.

Sasa shela. Bibi harusi amevaa nyeupe, ngozi yake ni ya kahawia iliyoiva, na mume wake yuko ndani ya suti nyeusi. Kamera nyingi za zamani na flashi za kujipima zenyewe hazina akili ya kutofautisha. Zinaona weupe mwingi mbele, zinadhani mwanga umetosha, zinaukata. Gauni linatoka kila uzi unaonekana, na uso unabaki gizani. Njia rahisi ni kuidanganya mashine: mkanda ni wa 400, lakini kitufe cha ASA cha kamera na cha flashi kiwekwe 200. Kila picha itapata mwanga maradufu. Gauni litapoteza unyuzi kidogo, ambao hakuna atakayeulizia, na uso utapatikana. Mkanda usafishwe kama kawaida bila maelekezo yoyote ya ziada. Kamera za mfukoni zinazosoma zenyewe alama za kwenye kopo la mkanda hazina nafasi ya kufanya hivyo, na hiyo ni sababu nyingine ya kutozitegemea ukumbini.

Flashi ya urithi ina tahadhari zake. Iliyokaa miaka kabatini ichunguzwe kama betri zimevuja, kisha iwashwe na kufyatuliwa mara kadhaa kwa siku mbili tatu kabla ya harusi, kwa sababu sehemu inayotunza umeme ndani yake hulegea ikilala muda mrefu. Baadhi ya flashi za zamani hurudisha kwenye kamera umeme wa zaidi ya volti 200. Kamera ya chuma ya enzi hizo haijali, ila flashi hiyo hiyo ikipachikwa kwenye kamera ya kisasa ya mjomba ili “kujaribu tu”, inaweza kuiunguza. Betri ziwe za kuchaji, seti mbili au tatu, maana zinairudishia flashi nguvu upesi kuliko za kawaida. Kijana asubiri taa ya utayari iwake kabla ya kupiga tena. Vigelegele vikipanda na pete ikiingia kidoleni, wengi hubonyeza kabla haijawaka, wakapata giza.

Kwa familia za Pwani na Visiwani kuna jambo la kuzungumzwa mapema na akina mama wenyewe. Kwenye shughuli za wanawake peke yao, siku ya hina au ya kumpamba bibi harusi, mara nyingi simu hukatazwa ili wasiovaa mitandio wasijikute kwenye makundi ya WhatsApp. Kamera ya mkanda huonekana salama kwa sababu haitumi picha popote. Ni kweli haitumi, lakini mkanda lazima upite mikononi mwa fundi wa studio, ambaye pengine ni mwanamume na hawamjui, na akiuskani picha zinakuwa kwenye kompyuta yake. Kama binti mwenye kamera anaruhusiwa ndani, kikao kiamue kwanza mkanda huo unakwenda kwa nani, na baada ya hapo nani anabaki na nakala.

Hilo linaleta swali la studio kwa kila familia. Mahali pa kusafishia mkanda wa rangi pamepungua sana, na si vyema kulitafuta baada ya sherehe. Kijana apige mkanda mmoja wa majaribio wiki tatu kabla, nyumbani, usiku, taa zikiwa hafifu. Mama avae kitenge na juu ajitande shuka jeupe, baba avae koti jeusi, wasimame mita 2, kisha 4, kisha 6. Mkanda upelekwe studio ile ile itakayosafisha wa harusi. Zikirudi, familia nzima izitazame, na uamuzi ufanywe hapo kwa picha zilizoko mezani. Kama mikanda inaletwa na ndugu kutoka nje, aibebe mkononi na aombe ukaguzi wa mkono uwanjani, kwa sababu baadhi ya mashine mpya za kukagua mizigo huuchoma mkanda kwa ukungu. Kisha isikae kwenye gari juani. Ikitunzwa kwenye friji, itolewe saa kadhaa kabla ya kufunguliwa, isije ikatoa jasho.

Majaribio yakitoka vizuri, bado kijana asipewe harusi nzima. Huo si ukosefu wa imani naye. Mtu mmoja mwenye kamera ya mkanda hawezi kuwa mlangoni bibi harusi anaposhuka garini, madhabahuni, kwenye keki na kwenye ndafu bila kupitwa na kitu wakati anabadilisha mkanda. Matukio yanayokimbia apewe mtu wa kamera ya dijitali, hata kama ni wa saa chache, na simu za binamu zitajaza mengine. Kijana apewe picha za ukoo, zile zinazohitaji watu kusimama. Mikanda mitatu inatosha: mmoja wa nje kivulini, mmoja wa makundi ukumbini, mmoja wa akiba. Mama au mjomba aandike orodha ya makundi kwenye karatasi, wazee wakiwa juu kabisa, na mtu mwenye sauti awekwe kuwaita kwa majina. Kila kundi lipigwe mara mbili, kwa sababu siku zote kuna mmoja aliyefumba macho. Bibi wa kijijini apigwe mara nne, nje, mapema, kabla hajachoka na kabla kiti chake hakijasogezwa pembeni karibu na spika.

Akishaweka mkanda, kijana atazame kile kitufe cha kurudishia mkanda upande wa kushoto. Kikizunguka kila anapovuta, mkanda umeshika. Kisipozunguka, anapiga hewa, na kuna watu wamepiga harusi nzima ya hewa.

Nigetivu zikirudi, akabidhiwe bibi harusi, ndani ya bahasha ya karatasi badala ya mfuko wa nailoni unaoshika unyevu. Nakala za simu zitumwe kwenye kundi la familia, lakini zilizochapishwa ziandikwe nyuma kwa penseli majina ya waliomo, kutoka kushoto kwenda kulia, wiki hiyo hiyo, shangazi mkubwa akiwa amekaa pembeni kusahihisha.